Taa Kuwaka Si Ushahidi: Kweli na Uongo Kuhusu Stima Katika Nyumba Kongwe za Malindi na Kilifi

Fundi alichomoa kipande cha kaure kutoka kwenye boksi la fyuzi, akakipuliza vumbi, akanionyesha kwenye kiganja chake. Mahali palipotakiwa kuwa na uzi mwembamba wa fyuzi palikuwa na kipande cha waya wa shaba, kimepindwa kwa koleo na kubanwa na skrubu mbili zilizoota kutu ya kijani. Kaure imeandikwa 15A. Uzi wa fyuzi wa ampea 15 una unene wa nusu milimita. Kile kipande kilikatwa kutoka waya wa taa, unene wake karibu milimita 1.4, na hata fyuzi ya ampea 45 haitaki zaidi ya milimita 1.25. Kwa maneno mengine, soketi za jikoni hazikuwa na fyuzi. Zilikuwa na msumari.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu babu, mtaa wa Shela hapa Malindi, kuta za mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa. Shangazi ndiye aliyebaki nayo. Alikuwa amesimama mlangoni, leso kichwani, hajaridhika na vumbi lote lile la kutafuta ugonjwa usioonekana.

"Lakini fundi, taa zawaka. Miaka yote hii zawaka."

"Naam, mama," fundi akajibu bila kugeuka. "Zitawaka mpaka siku nyumba nayo itakapowaka."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasikiliza maneno ya watu kuhusu stima katika nyumba za zamani, kuanzia Mambrui hadi Takaungu. Mengine ni kweli tupu, mengine ni nusu kweli, na mengine yangeshateketeza mtaa. Haya hapa, moja baada ya jingine, na hukumu yake.

1. "Nyumba ikishakuwa kongwe, nyaya zote ni za kung'oa."

INATEGEMEA. Stima si mgeni Pwani. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipata jenereta mwaka 1875 ya kuangazia kasri lake. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaichukua jenereta hiyo, na ndipo Mombasa ikapata kampuni yake ya umeme. Mwaka 1922 ikaja East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina ikawa Kenya Power and Lighting. Historia hii inakufaa hata wewe usiye mwanahistoria. Ukipekua mkoba wa makaratasi ya mzee ukakuta stakabadhi ya zamani yenye herufi EAP&L, basi nyumba yako iliunganishwa kabla ya 1983.

Hata hivyo umri wa nyumba si umri wa waya. Nyumba ya mawe iliyosimama miaka mia inaweza kuwa na nyaya za juzi, na kotegi ya kando ya bahari iliyopakwa rangi mpya kila msimu wa wageni ikawa na nyaya zilezile za siku ya kwanza. Ili kujua umri wake, tazama ganda la waya. Nyaya za zamani kabisa zilivikwa mpira na kitambaa cha pamba, au risasi kwa nje. Mpira hukauka, na baada ya miongo michache ukiupinda unavunjika kama kaki. Hizo ni za kung'oa, hazina mjadala. Nyaya za plastiki, zilizoenea kuanzia miaka ya 1950 na 1960, huishi muda mrefu sana iwapo hazikuchomwa na joto wala kutafunwa na panya. Soketi nazo husema. Zile za matundu ya duara ni za zama za mbali, kwani hizi za matundu matatu ya mstatili tunazotumia sasa zilianzishwa Uingereza mwaka 1947 na zikaenea taratibu.

Tahadhari moja kuhusu rangi. Zamani waya wa moto ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi. Siku hizi wa moto ni kahawia na nyutro ni buluu. Katika kotegi kubwa za zamani zenye laini tatu za umeme, mistari mitatu ya moto ilikuwa nyekundu, manjano na buluu. Kwa hiyo fundi kijana aliyezoea kwamba buluu ni nyutro anaweza kushika waya wa moto kwa imani kamili. Usiamini rangi kabla ya kupima.

2. "Taa zawaka, basi waya ni mzima."

UONGO. Huu ndio uongo wa shangazi, na ndio mkubwa kuliko wote kwa sababu unaonekana kwa macho kuwa kweli. Balbu ya kisasa ya wati 9 inaomba ampea 0.04 tu. Hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba, hata kiungo kilicholegea, kitapitisha kiasi hicho bila kulalamika. Birika la umeme la wati 2,000 linaomba ampea 8.3, yaani zaidi ya mara 200 ya balbu hiyo. Kumwuliza balbu habari za waya ni kama kumpima punda kwa kumpandisha paka.

Waya huulizwa ukiwa na mzigo. Chukua mita ya kupimia volti na mtu anayejua kuitumia. Pima volti kwenye soketi ya mbali kabisa wakati hakuna kinachotumia umeme, kisha chemsha birika kwenye soketi pacha na upime tena. Waya wa milimita za mraba 2.5 ulio mzima hupoteza takriban volti 18 kwa kila ampea 10 zinazosafiri mita 100. Basi kwa mita 30 na birika moja, upungufu usizidi volti 4 au 5. Ukikuta zimepungua 20, volti 15 zimepotelea mahali fulani njiani, na kwa kawaida ni kiungo kilicholegea. Volti 15 mara ampea 8 ni wati 120. Hizo zote zimegeuka joto ndani ya kiungo kisichozidi ukubwa wa kucha, nyuma ya sahani ya plastiki au juu ya dari ambako hakuna anayeangalia. Moto mwingi wa stima huanzia hapo, na wala hauhitaji shoti.

Kama huna mita, tumia mkono na pua. Baada ya birika kuchemka, chomoa plagi uiguse. Ikiwa ya moto, au soketi imegeuka rangi ya chai, au kuna harufu kama ya samaki waliochacha, umeshapata jibu.

3. "Fyuzi ikikatika kila mara, weka waya mnene au breka kubwa."

UONGO, na ni wa kuua. Fyuzi haiko pale kulinda friji wala televisheni. Iko pale kulinda waya ulio ukutani. Waya wa 1.5 wa taa hupewa breka ya ampea 6 au 10. Waya wa 2.5 unaokwenda soketi kwa njia moja hupewa 20, na ukizungushwa pete hadi kurudi ulikoanzia huweza kupewa 32. Jiko la umeme hutaka waya wa 6 na njia yake peke yake. Ukibadilisha breka ya 20 ukaweka 32 bila kubadilisha waya, umemwondoa askari mlangoni ukamweka mtu asiyejua kazi. Na joto la waya halipandi kwa hesabu ya kawaida. Mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne.

Hata uzi halali wa fyuzi za kaure una udhaifu wake, kwani unaweza kuvumilia karibu mara mbili ya namba iliyoandikwa kabla ya kuyeyuka. Ndiyo maana kuhamia breka katika nyumba ya zamani ni hatua ya busara. Lakini breka inayoruka kila jioni si breka mbovu mpaka ithibitishwe hivyo. Kuruka ndiyo kazi yake.

Wakenya tuliwahi kufundishwa somo hili na tumbili. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru. Transfoma ikajizima, mitambo mingine kituoni ikaelemewa na mzigo nayo ikajizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi nzima ikaingia gizani. Watu walicheka, lakini mitambo ile ilifanya ilivyofundishwa. Ingekuwa na msumari mahali pa fyuzi, tungepoteza mitambo badala ya saa chache za mwanga. Tumbili mwenyewe alipona.

4. "Soketi zangu ni kumi na mbili, basi naweza kutumia vifaa kumi na viwili."

NUSU KWELI. Hapa ndipo penye hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Kila kifaa kina kibandiko chenye wati zake. Andika zote, jumlisha, gawanya kwa 240, na utapata ampea. Siku ile tulikaa na shangazi mezani tukaorodhesha. Friji 150. Feni nne, 300. Balbu kumi, 90. Televisheni 100. Pasi 1,600. Birika 2,000. Pampu ya kisima 750. Oveni ya kuokea 2,500, maana huoka keki za harusi. Na binamu alikuwa ameahidi kumletea eisi ya 1,200 kwa ajili ya chumba cha kulala. Jumla wati 8,690, ambazo ni ampea 36.

Swichi kuu ya nyumba ilikuwa ya zamani, ya ampea 30. Kwa hiyo vyote vikiwashwa kwa pamoja, nyumba imezidiwa. Lakini nani hupiga pasi, huoka, huchemsha chai na kuvuta maji kwa dakika moja? Ukiondoa oveni na pasi, zinabaki wati 4,590, ampea 19, na swichi ile haina wasiwasi. Nusu ya kweli ndiyo hiyo: si lazima nyumba ibebe vyote kwa wakati mmoja.

Nusu ya uongo ilikuwa imejificha jikoni. Oveni, birika na pasi vyote vilikuwa vinatumia soketi za ukuta mmoja, kwenye njia moja ya waya wa 2.5. Jumla ya ukuta huo ni wati 6,100, ampea 25. Nyumba nzima ilikuwa na nafasi, lakini ukuta mmoja ulikuwa unabeba mzigo wa nyumba nzima. Ndiyo sababu fyuzi ilikatika siku za harusi, na ndiyo sababu mtu fulani, miaka fulani, akaweka kile kipande cha shaba. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye kuchomeka plagi hasikii uzito anaoubebesha waya.

Kuna jambo la pili ambalo vitabu vya Ulaya havilitilii mkazo kama tunavyopaswa sisi. Namba za uwezo wa waya huandikwa kwa hewa ya nyuzijoto 30. Juu ya dari iliyo chini ya mabati, Malindi, mwezi wa Machi saa nane mchana, nyuzi 30 ni ndoto ya alfajiri. Hewa ikifika nyuzi 50, waya wa plastiki hubakiwa na uwezo wa takriban asilimia 71 tu. Waya uliotakiwa kubeba ampea 20 sasa unaweza 14. Na eisi huwashwa saa ileile dari inapokuwa tanuri. Pampu nazo zina tabia yao: zinapoamka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa sekunde moja au mbili. Ndiyo maana taa hufumba macho pampu inaponguruma.

Suluhisho la shangazi halikuwa kung'oa nyumba. Oveni ilipewa njia yake mpya ya waya wa 6 kutoka kwenye boksi, eisi nayo njia yake, na swichi kuu ikabadilishwa. Kabla ya kuongeza swichi kuu, tazama pia katauti (fyuzi kuu ya kampuni) na mita zimeandikwa ampea ngapi. Ukihitaji zaidi ya hapo, hilo ni ombi la kupeleka Kenya Power. Fundi wa mtaani hana ruhusa ya kuligusa.

5. "Mchanga wetu una chumvi na unyevu, stima hushuka yenyewe. Waya wa ardhi ni pambo."

UONGO. Nyumba nyingi zetu hutegemea nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini nje ya ukuta. Kazi yake ni kuupa umeme uliotoroka njia ya kurudi, badala ya kupitia mwilini mwako. Sasa, ardhi ya Pwani ina hila. Mchanga mkavu ni mpitishaji mbaya. Chini yake mara nyingi kuna mwamba wa matumbawe, fundi akipigilia nondo inagoma nusu ya njia, naye anaikata msumeno anaifukia. Juu unaona waya wa kijani na manjano umefungwa vizuri. Chini hakuna kitu.

Tufanye hesabu. Ukinzani wa nondo kama hiyo ukiwa omu 100, waya wa moto ukigusa mwili wa friji, mkondo utakaopita ni 240 gawanya kwa 100, yaani ampea 2.4. Je, fyuzi ya ampea 30 itakatika? Haitajua hata kama kuna jambo. Friji itabaki na umeme mwilini, ikingoja mtoto mwenye miguu mibichi. Kifaa kinachoweza kuokoa hapo ni ELCB, ambayo hulinganisha mkondo unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika ampea 0.03 hukata papo hapo. Nyumba kongwe nyingi hazina. Kama una nafasi ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, nunua hicho, kisha bonyeza kitufe chake cha majaribio kila baada ya miezi michache, maana springi yake isipochezeshwa hugandishwa na hewa ya bahari.

Nondo ipimwe kwa kipimo chake maalumu, na ipimwe wakati wa kaskazi, Januari au Februari, ardhi ikiwa imekauka. Ukipima Mei wakati wa masika, udongo umelewa maji na utakupa jibu zuri la uongo.

Na ukuta wa bafu ukikutekenya vidole wakati wa kuoga, si jini wala si bahati mbaya. Ni waya uliochubuka ndani ya chokaa mbichi.

6. "Tokeni zinaisha upesi kwa sababu mita inaiba."

NUSU KWELI, na jaribio ni la bure. Mita ina taa nyekundu inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Zima swichi kuu ya nyumba. Taa ikiendelea kupepesa, kuna jambo baina ya mita na swichi yako, au kwenye mita yenyewe. Piga Kenya Power nambari 97771 ueleze. Taa ikitulia, mita haina hatia. Sasa washa swichi kuu, chomoa kila plagi ukutani, zima kila taa. Ikianza tena kupepesa ilhali hakuna kinachotumia, mwizi yumo ndani ya nyumba. Ondoa fyuzi au zima breka moja moja hadi ipoe, na utajua anaishi chumba gani.

Rudi kwenye ile hesabu ya nondo ya omu 100. Ampea 2.4 zinazovuja mara volti 240 ni wati 576, mchana na usiku. Kwa saa 24 ni yuniti karibu 14. Familia ya kawaida inaweza kukaa siku kadhaa kwa yuniti hizo, na hapa zinamwagika mchangani bila hata balbu moja kuwaka. Kabla ya kugombana na kampuni, gombana na ukuta wako.

7. "Umeme hafifu ni kosa la kampuni. Mbona tuna sola kubwa Langobaya?"

NUSU KWELI. Mtambo wa jua wa Langobaya, wa megawati 40, ulianza kazi Desemba 2021, na ni fahari yetu. Lakini umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa kwa volti kubwa. Hauna bomba la moja kwa moja hadi friji ya jirani. Volti zinazofika kwako huamuliwa na transfoma ya mtaa, umbali wako kutoka kwake, na idadi ya nyumba zilizoning'inia pamoja nawe. Nyumba ya mwisho kwenye laini, saa moja usiku, itaumia kuliko ya kwanza.

Namna ya kujua kosa ni la nani ni kupima mahali pawili kwa wakati mmoja: kwenye boksi karibu na mita, na kwenye soketi ya mwisho. Volti zikiwa chini kote kuwili, kosa ni la nje. Kwenye mita zikiwa sawa na chumbani zikiwa chini, kosa ni lako. Na taa zikiwa hafifu chumba kimoja na kali kupita kiasi chumba kingine, katika nyumba yenye laini tatu, zima kila kitu mara moja. Hiyo ni dalili ya nyutro iliyokatika, na vifaa vitaungua kabla hujapata simu.

8. "Hewa ya bahari hula nyaya."

KWELI TUPU. Pepo za kusi zikianza, chumvi hufika hata kwenye nyumba zisizoiona bahari. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, unyevu hukaa kwenye skrubu, skrubu hulegea na shaba huota ukungu wa kijani. Kijani hicho hakipitishi umeme vizuri, basi kiungo hupata joto, joto hulegeza zaidi. Kuta zilizojengwa kwa mchanga wa ufuoni zina chumvi ndani, na konduti za chuma zilizozikwa humo huoza hadi kingo zake zikawa kama wembe juu ya ganda la waya. Ukitengeneza upya, tumia konduti za plastiki na maboksi ya nje yasiyopitisha maji. Na kila mwaka, baada ya kusi, mwite fundi azime umeme na akaze skrubu zote. Kazi ya asubuhi moja.

9. "Nyumba ya makuti haifai stima."

UONGO, ila ina masharti. Makuti hayawaki kwa sababu ya stima, huwaka kwa sababu ya cheche na joto. Nyaya zipite ndani ya konduti zilizofungwa kwenye boriti, pasiwe na kiungo hata kimoja juu ya paa, balbu ziwe za LED zisizounguza, na mzunguko mzima wa juu uwe na breka yake na ELCB yake. Waya wa ekstensheni uliorushwa juu ya boriti kwa ajili ya sherehe, ukasahaulika miaka mitatu, ndio adui.

10. "Waya mnene ndio waya imara."

UONGO. Unene unaweza kuwa wa plastiki tu. Kuna nyaya sokoni ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ikitoka nyeupe, irudishe dukani. Weka sumaku: ikinata, hiyo ni chuma. Tafuta alama ya KEBS na unene ulioandikwa kwenye ganda lenyewe, si kwenye karatasi ya kifungashio.

11. "Mita ipo na stima inaingia, basi nyumba imekaguliwa."

UONGO. Mpaka wa kampuni ni mita. Kuanzia pale kuingia ndani ni shamba lako. Cheti cha fundi kilichopelekwa siku ya kuunganishwa kilizungumzia nyumba ya siku ile, kabla ya eisi, kabla ya pampu, kabla ya vyumba viwili vya uani vilivyovutiwa waya kutoka sebuleni.

Kazi ya kukagua haifai kila ajuaye kuunga waya. Sheria ya Kawi ya 2019 iliipa EPRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, jukumu la kutoa leseni kwa mafundi wa umeme, kwa madaraja tofauti. Muombe akuonyeshe, wala usione haya; dereva huonyesha leseni yake kila kizuizi. Kisha muombe namba badala ya maneno. Akipima maganda ya nyaya kwa mega (kipimo cha ukinzani) ya volti 500, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, kila njia isipungue megaomu 1. Akipima nondo, aandike omu. Fundi anayekwambia "iko sawa" bila kuandika chochote amekuuzia maoni. Uingereza hushauri nyumba ya mwenyewe ikaguliwe kila miaka 10, na ya kupangisha kila miaka 5. Kwa chumvi yetu, miaka 5 kwa wote si woga.

Nyumba ya Shela ilimaliza ukaguzi na namba zake. Nyaya za plastiki zilikuwa nzima, hazikung'olewa. Waya mmoja wa uani, ulioachwa na fundi wa miaka ya nyuma, ulikutwa umeungwa kwa kusokotwa na kufungwa mfuko wa nailoni, huo ulitolewa. Nondo ya zamani ilipochimbwa ilikuwa fupi kuliko mkono wangu.

Fundi aliandika kila kitu kwenye karatasi moja, njia kwa njia, ampea kwa ampea, na shangazi akaibandika ndani ya mlango wa boksi jipya. Wiki iliyopita binamu alifika kutoka Mombasa na eisi ya pili ndani ya gari, zawadi ya sebule. Kabla hajaishusha, shangazi akamshika mkono.

"Ngoja kwanza. Ni wati ngapi hiyo?"

"Shangazi, si ile ya kwanza yafanya kazi?"

"Taa pia zilikuwa zawaka," akasema, na akaenda kuufungua mlango wa boksi.